Chama chetu kinataka fungu la majanga: wakati wa korona, ni kitu gani kilichovunjika kwanza nyumbani kwenu?

Mama wa Kaptembwo (Nakuru) ameuliza:

Hamjambo nyote. Ninaishi Kaptembwo hapa Nakuru, ni mama wa watoto watatu, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwafulia watu nguo katika mitaa ya Milimani na Section 58. Ninaandika kwa sababu sisi akina mama 17 wa ploti tatu zinazopakana tumeamua kufufua chama chetu cha akiba kilichokufa mwaka wa 2020, na mjadala umekwama mahali pamoja: je, tutenge fungu la kutusaidia iwapo ugonjwa mwingine utaifunga nchi kama korona ilivyoifunga, na tukilitenga, liwe la kulipia nini hasa? Wengine wanasema chakula, wengine wanasema kodi ya nyumba, na mmoja hataki kusikia lolote ila karo. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo nimetumwa niwaulize watu wa nje ya mtaa wetu kabla hatujaandika katiba.

Nitaeleza kwanza yaliyonipata, ili atakayejibu ajue ninaulizia wapi. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Ijumaa, Machi 13, 2020, na Jumapili yake Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba shule zinafungwa. Siku chache baadaye nilifika kwenye lango la nyumba niliyokuwa nikifua kila Jumatano na Jumamosi, ndara zangu za kazi zikiwa mfukoni, na mlinzi akaniambia kupitia tundu la lango kwamba mama mwenye nyumba amesema nisije mpaka korona iishe. Hakuwa mtu mbaya, kwani jioni ile alinitumia shilingi 500 kwa simu. Nyumba ya pili ilisema hivyo hivyo. Ya tatu haikusema neno, ila simu zangu hazikupokelewa tena. Kabla ya juma kwisha nilikuwa nimetoka kwenye siku tano za kazi hadi siku moja, na hiyo moja ilikuwa ya mwalimu mstaafu ambaye alikuwa akiniwekea ndoo na sabuni nje ya mlango wa nyuma, kisha malipo yangu akayaacha chini ya jiwe.

Wakati huohuo watoto wote watatu walikuwa nyumbani kutwa. Wawili walikuwa wakila githeri ya shule saa saba mchana, na pesa za chakula hicho za muhula mzima nilikuwa nimeshazilipa, wala hazikurudi. Pakiti ya unga iliyokuwa ikitutosha siku mbili ikawa ya siku moja. Binti yangu mkubwa, aliyekuwa darasa la nane, ndiye aliyekuwa akipika, na siku moja nilimwona anapima unga kwa kikombe cha plastiki, anautia kwenye sufuria la maji yanayochemka, kisha kabla ya kusonga anarudisha ngumi moja ya unga mkavu ndani ya pakiti. Sikumwambia afanye hivyo, na hakujua kwamba ninamtazama.

Nyumbani kwangu hakuna aliyeugua korona, au kama yupo hatukujua. Hata hivyo, ilipofika Krismasi nilikuwa na deni la kodi ya miezi minne, deni la dukani la shilingi 6,300, na nilikuwa nimeuza televisheni na mtungi wa gesi. Nchi ilipofunguliwa, watu walidhani kwamba tumepona pamoja nayo. Deni la dukani nilimaliza kulilipa mwaka wa 2023.

Swali langu ni hili: kwenu ni kitu gani kilichokatika kwanza, na ni kitu gani ambacho, kama kingekuwapo, kingezuia vingine visikatike? Naomba mtu asiniambie kwamba tungeweka akiba. Tulikuwa na akiba, na chama ndicho kilichokuwa akiba yetu.

Muuza samaki wa Obunga (Kisumu) amejibu:

Pole dada, na hongera kwa kuuliza kabla ya kuandika katiba, kwa sababu sisi tuliandika kwanza tukauliza baadaye.

Kwangu kilichokatika kwanza ni masaa mawili ya jioni. Mimi hukaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki viwandani minofu ikishatolewa, na biashara hii ina saa zake. Asubuhi unanunua, mchana unakaanga, na faida yote huingia kati ya saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku, watu wanapotoka kibaruani na kupita na shilingi hamsini mkononi wakielekea nyumbani. Kafyu ilipoanza Machi 27, ikiwa ni kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, ilibidi nifunge karai saa kumi na mbili ili nifike nyumbani kabla ya kukutana na askari. Mtu akitazama saa, ataona kwamba nimenyimwa muda mfupi tu, lakini muda huo ndio uliokuwa na pesa. Samaki waliobaki niliwakaanga tena kesho yake, na keshokutwa tukawala wenyewe. Tulipokula mara tatu namna hiyo, mtaji ukawa umekwisha, na watoto hawakujua kwamba wamekula mtaji.

Sasa nije kwenye chama, maana hapo ndipo nina neno. Tulikuwa wanachama 14, kila mmoja akitoa shilingi 200 kwa juma, na pesa zikishakusanywa zinakopeshwa palepale mezani ili zizae. Tulijisifu kwamba pesa zetu hazilali. Tulipokutana mwezi wa Aprili, tukiwa tumekaa mbalimbali chini ya mwembe na barakoa zikiwa kidevuni, kitabu kilionyesha kwamba tuna zaidi ya shilingi 90,000, na sanduku lilipofunguliwa lilikuwa na shilingi 1,850. Hakuna aliyeiba. Zilizosalia zote zilikuwa mikononi mwetu wenyewe, na kila mmoja wetu alikuwa ameacha kuuza siku ileile kama mwenzake.

Chama chetu kilijua kumbeba mtu mmoja. Mume wa mwenzetu akilazwa Russia, yaani hospitali kuu ya rufaa hapa Kisumu, sisi 13 tunachanga. Mtoto akifukuzwa karo, tunachanga. Lakini hatukuwa tumewahi kuwaza juu ya siku ambayo wote 14 wangeanguka pamoja, wala mtu anayekaanga samaki hawezi kumkopa jirani anayekaanga samaki vilevile. Hata mashambani, ambako tulizoea kukimbilia, hakukuwa na nafuu: Mei ya 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango ambacho halikuwa limewahi kupimwa, na kule Nyando ndugu zetu walikuwa wamelala shuleni kwa sababu maji yalikuwa yameingia nyumbani mwao. Ndio waliotupigia sisi simu.

Kwa hiyo, dada, kabla hamjagombania kama fungu ni la unga au la kodi, ulizaneni pesa zitakaa wapi. Robo ya michango isikopeshwe kamwe, hata mwanachama akija na machozi. Iwekwe mahali ambapo lazima watu watatu watie saini ndipo itoke. Na mkipata wanachama wawili watatu ambao riziki yao haitegemei mtaa wenu, hata kama ni mlinzi wa usiku au mpishi wa hospitali, wapokeeni, kwa kuwa siku hiyo wao watakuwa bado wamesimama.

Mwalimu wa Ikolomani (Kakamega) amejibu:

Ninamheshimu mama wa Obunga na sina ubishi na hoja yake ya sanduku, ila ninaungana na yule mwanachama wenu anayesema karo, na nitaeleza sababu zangu kwa kirefu kidogo.

Wakati ule nilikuwa mwalimu wa bodi, yaani nimeajiriwa na shule yenyewe na kulipwa kutokana na karo ya wazazi, kwa hiyo shule ilipofungwa mimi pia nilikuwa katika hesabu ya familia zenye kipato kidogo. Kuanzia Machi 2020 sikulipwa. Wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba 12, na wengine wote wakakaa nyumbani hadi Januari 4, 2021. Masomo yaliendelea redioni kupitia KBC, na ninaweza kusema bila kejeli kwamba vipindi vile vilikuwa vizuri, lakini katika nyumba nilizozitembelea redio ilikuwa ya baba, betri zilikuwa za taarifa ya habari, na saa ya kipindi ilikuwa ndiyo saa ya kuchota maji. Mwezi wa Julai mwaka ule mabaluni ya intaneti ya kampuni ya Loon yalianza kazi juu ya sehemu hizi za magharibi na Bonde la Ufa. Yalielea juu huko, na sisi tulikuwa chini tumeshika kabambe, simu ndogo zisizo na intaneti. Mwaka uliofuata yalikuwa yameshaondolewa.

Wavulana wangu hawakusubiri redio. Hapa kwetu dhahabu ni ya kuchimbwa kwa mkono, na kijana wa miaka 13 anayebeba mchanga kutoka shimoni hadi mahali pa kuusafisha hulipwa siku hiyohiyo. Mmoja wao, aliyekuwa hodari wa hisabati, nilimkuta amesimama kwenye maji ya kahawia yaliyomfika magotini, akichezesha karai kwa ustadi ambao sikuweza kujizuia kuustaajabia. Alinisalimia kwa adabu na kuniuliza kama nimekula. Nilikuwa sijala, akaninunulia chai na mandazi mawili. Mwanafunzi anapomnunulia mwalimu wake chai kwa sababu mwalimu hana kitu, mwalimu huyo atamwambia nini kuhusu faida ya elimu? Hakurudi shuleni.

Jambo ambalo watu wamelisahau ni la mihula. Ili kufidia muda uliopotea, kalenda ilibanwa, na kwa madarasa yaliyorudi Januari 2021 kulikuwa na mihula 8 kati ya mwezi huo na Novemba 2022, pale ambapo miaka miwili ya kawaida ina mihula 6. Mzazi aliyetoka mwaka wa 2020 akiwa na madeni alidaiwa mara 8 katika miezi 23, na likizo katikati mara nyingi ilikuwa ya siku chache tu, kiasi kwamba barua ya karo ya muhula mpya ilifika kabla jasho la muhula uliopita halijakauka. Karo ya shule za mabweni ilipunguzwa kidogo kwa mwaka wa 2021, ni kweli, lakini mfuko uliobomoka haujui tofauti ya elfu chache. Watoto wengi niliowaona wakiacha shule hawakuacha mwaka wa 2020. Waliacha mwishoni mwa 2021 na mwaka wa 2022, wakati ambapo hakuna tena aliyekuwa akizungumza habari za korona, na kila mmoja alipoulizwa habari zake, ilitajwa sababu yake ya pekee: huyu ameolewa, yule amekwenda Nairobi kwa shangazi, mwingine hapendi masomo.

Ndiyo maana nasema fungu lenu, hata likiwa dogo, lidumu miaka miwili baada ya janga kwisha, na sehemu yake ijulikane tangu mwanzo kuwa ni ya kumrudisha mtoto darasani: sare, madaftari, pesa za mtihani na hayo mengine madogo yanayomfanya mtoto aone haya kurudi. Unga mtaukopa. Nafasi ya mtoto shuleni haina duka la kuikopesha.

Muuza samaki wa Obunga amejibu:

Mwalimu, shikamoo yako naipokea kwa mikono miwili, lakini hilo la mwisho silikubali. Unga hatukuukopa. Mwenye duka letu alipiga mstari chini ya majina yote kwenye kitabu chake cha madeni mwezi wa Mei, na simlaumu, maana yeye pia alikuwa na mtu anayemdai. Mtoto asiyekula siku mbili humwambii habari za sare.

Mfungaji maua wa Naivasha amejibu:

Nitasema kwa ufupi. Nilikuwa nikifunga waridi katika shamba moja kando ya Ziwa Naivasha. Mwezi wa Machi 2020 soko la Ulaya lilianguka na ndege zikasimama, na kwa juma zima kazi yetu ikawa kutoa maua kwenye chumba cha baridi na kuyamwaga kwenye shimo la mboji. Kisha tukapewa barua ya likizo isiyo na malipo.

Ninataka kuongeza jambo moja kuhusu misaada. Serikali ilipoondoa kodi ya mapato kwa wanaolipwa hadi shilingi 24,000 kwa mwezi, na kushusha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kutoka asilimia 16 hadi 14, tulisikia tukafurahi. Lakini kodi ya mapato humpunguzia mzigo mwenye mshahara, na likizo isiyo na malipo haina mshahara wa kukatwa. Unga wa mahindi nao haukuwa ukitozwa VAT tangu awali, hivyo bei yake haikuwa na sababu ya kushuka. Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa vibarua, ilikuwa ya vijana wa miaka 18 hadi 35, na mimi nilikuwa na miaka 38. Msaada ambao mkono wangu uliushika ni ule wa kutuma chini ya shilingi 1,000 kwa M-Pesa bila malipo hadi mwisho wa mwaka ule, kwa sababu kaka yangu alikuwa akinitumia mia mbili leo, mia tatu keshokutwa, na zilifika zote.

Kwetu kilichokatika kwanza ni familia yenyewe. Tuliwapeleka watoto wawili kwa mama mkwe wangu Bungoma, tukidhani ni kwa mwezi mmoja. Nauli ilikuwa imepanda kwa sababu matatu ya watu 14 iliruhusiwa kubeba 8. Watoto walikaa huko miaka miwili. Nakuru ilipofungwa pamoja na kaunti nyingine nne kuanzia Machi 26, 2021 hadi mwanzoni mwa Mei, bibi yao alikuwa kitandani na mke wangu hakuweza kuvuka kwenda kumuuguza. Yule mdogo aliporudi alikuwa akimwita bibi yake “mama” na mama yake “auntie”.

Mimi nasema fungu liwe la kodi ya nyumba. Jirani yangu alipochelewa miezi mitatu, mwenye ploti aling’oa mlango akaondoka nao kwenye mkokoteni. Ukiwa na mlango, watoto wako watabaki na wewe.

Mama wa Kaptembwo ameuliza:

Asanteni sana. Mwalimu, binti yangu alifanya mtihani wa darasa la nane Machi 2021, na alipaswa kuripoti kidato cha kwanza Agosti. Aliripoti akiwa amechelewa majuma matatu, katika shule ya kutwa wala si ya mabweni aliyokuwa ameitwa, kwa hiyo nimekuelewa vizuri kuliko nilivyotaka. Alimaliza kidato cha nne mwaka wa 2024.

Kuna mtu anayeweza kusema kuhusu upande wa ugonjwa wenyewe? Katika mkutano wetu kuna mama anayedai kwamba tunazungumza habari za pesa tu, kana kwamba korona haikuwa ugonjwa.

Mhudumu wa afya ya jamii (Busia) amejibu:

Mama huyo ana haki. Mwaka wa 2020 sisi huku tuliumizwa na kufungwa, na mwaka wa 2021 tukaumizwa na ugonjwa.

Mwanzoni korona kwetu ilikuwa habari ya malori. Mwezi wa Mei 2020 foleni ya kupimwa madereva kwenye mpaka wa Malaba na ule wa Busia ilifika makumi ya kilomita. Unaweza kufikiri kwamba foleni ni biashara kwa wanawake wanaopika kando ya barabara, lakini madereva walikuwa wameambiwa wasitoke ndani ya magari, na wanakijiji walikuwa wameambiwa madereva ndio wenye ugonjwa. Mama aliyekuwa akiwauzia chai kwa miaka kumi aliitwa jina la ugonjwa na majirani zake, na watoto wake wakakatazwa kucheza na wenzao kisimani.

Halafu akina mama wakaacha kuja kliniki. Nilizunguka na daftari langu kutoka boma hadi boma, na niliyoyasikia ni yaleyale: ukienda na mtoto anayekohoa, mtapelekwa karantini wote, na wengine walikuwa wamesikia kwamba karantini hulipiwa, jambo ambalo katika majuma ya kwanza lilikuwa kweli. Kwa hiyo mtoto mwenye malaria alikaa nyumbani na panadol, na mtoto wa miezi tisa hakupata chanjo ya surua. Kadi moja ya kliniki niliyoifungua ilikuwa imehifadhiwa vizuri ndani ya mfuko wa sukari, na safu yake ilikuwa imejazwa hadi Februari 2020, kisha nyeupe hadi chini.

Juni 2021 kirusi aina ya Delta kilipoenea, kaunti 13 za ukanda wa ziwa na magharibi, kuanzia hapa Busia hadi Kericho na Bomet, ziliwekewa kafyu ya saa moja jioni kuanzia Juni 18. Chanjo ya kwanza ilikuwa imefika nchini tangu Machi 3, dozi zaidi ya milioni moja, lakini katika nchi ya watu karibu milioni 50 hizo ni za kuonja tu, na wazee wetu wengi walikuwa hawajaipata. Waliofariki katika eneo langu miezi ile walikuwa wazee, na ni hapa ningependa chama kisikilize. Katika vijiji vyetu mzee si mtu wa kulishwa tu. Kuna bibi mmoja aliyekuwa akilea wajukuu wanne kwa shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, mpango wa msaada wa serikali, kwenye fungu la wazee wa miaka 70 na zaidi, pamoja na mihogo ya shambani. Alizikwa haraka kama kanuni zilivyotaka, watu wachache wamesimama mbalimbali. Jina lake lilipofutwa kwenye orodha, pesa zile zilifutwa pia, kwa sababu zilikuwa zake, si za wajukuu. Kuwaandikisha watoto upya kwenye fungu la mayatima kulihitaji vyeti vya kuzaliwa, na vyeti havikuwapo.

Wengine walisema kwamba mazishi madogo yametuondolea gharama, na sikatai, kwani kuna boma lililokuwa likiuza ng’ombe ili kulisha waombolezaji. Lakini matanga makubwa ndipo pia mayatima hugawiwa wajomba na shangazi mbele ya watu wote, kila mtu akisikia nani ameahidi nini. Wajukuu wale wanne hawakuahidiwa mbele ya mtu, na mkubwa wao, msichana wa miaka 15, ndiye aliyekuwa mama wa nyumba hadi mwaka ulipokwisha.

Ushauri wangu kwenu una mambo ambayo hayagharimu pesa nyingi. Kila mtoto wa mwanachama awe na cheti cha kuzaliwa, na katibu awe na nakala. Kadi za kliniki zikaguliwe mara moja kwa mwaka katika mkutano, bila kumwaibisha mtu. Kila nyumba ijisajili na SHA, bima ya afya ya serikali, ambayo imechukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, na mchango wa mwaka ukimshinda mtu, chama kimkopeshe huo kabla ya mkopo mwingine wowote. Mwisho, kila mwanachama aandike kwa mkono wake nani atabaki na watoto akilazwa, na mtu huyo aitwe mkutanoni akubali kwa mdomo wake. Wanachama watanung’unika kwamba mnawatabiria kifo. Waacheni wanung’unike.

Mama wa Kaptembwo amejibu:

Nimesoma majibu yenu yote mbele ya mkutano wa Jumapili, na ilichukua muda kwa sababu watu walitaka yale ya mwalimu na ya mama wa Obunga yarudiwe. Tumeshindwa kukubaliana kati ya unga, kodi na karo, na nadhani ni kwa sababu kila mmoja anakumbuka kilichomuumiza yeye. Tuliyokubaliana ni haya. Robo ya michango haitakopeshwa, na itakaa kwenye akaunti inayohitaji saini tatu, moja yake ikiwa ya mama anayepika hospitalini, ambaye tumemwomba ajiunge kwa sababu hiyo hasa. Hatukuandika fungu ni la kitu gani. Tumeandika kwamba fungu likifunguliwa, nyumba yenye mtoto anayekaribia kupoteza nafasi ya shule au mlango wa nyumba itatangulia, na kwamba chakula kitanunuliwa kwa pamoja kwa gunia, si kwa kugawana pesa. Tena fungu halitafungwa mpaka miaka miwili ipite tangu shule kufunguliwa. Hilo la miaka miwili lilipingwa na wengi hadi nilipowaambia mwaka ambao mimi mwenyewe nilimaliza kulipa deni la dukani.

Vyeti vya kuzaliwa tumeanza kuvikusanya, na kati ya watoto 46 wa wanachama, 11 hawana. Habari ya kuandika nani atabaki na watoto ilileta kimya kirefu, kisha mama mmoja akachukua kalamu akaandika jina la mwenzake aliyeketi karibu naye, na huyo mwenzake akaanza kulia, tukafunga kikao kwa chai.

Linalotusumbua sasa ni gunia la kuanzia. Tunataka kununua mahindi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na kuyahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili yasishambuliwe na wadudu, lakini hatujakubaliana ni nyumba ya nani katika ploti zote tatu isiyo na panya. Kila mtu anasema si yake.

Mfungaji maua wa Naivasha amejibu:

Yaninginizeni darini, mama, na fungeni bati kwenye kamba. Panya hushuka hadi kwenye bati na kuteleza. Kwangu imefanya kazi misimu miwili.